Makofi Niliyopigiwa

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za malezi, mapishi na akiba ya nyumbani. Leo naomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu akina mama tumezoea kuwaachia waume zetu na wakubwa wa serikali, nalo ni mpango wa matumizi ya ardhi. Naandika kwa sababu niliwahi kusimama mbele ya watu nikaupinga mpango huo, nikapigiwa makofi mengi. Makofi yale bado nayasikia mpaka leo, wala hayanifurahishi.

Mimi ni mke wa sajini mstaafu. Tunaishi katika wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, mahali ambapo nchi yetu inapakana na mji wa Goma. Mji wetu wenyewe wazee bado wanauita Gisenyi. Nilizaliwa Majengo, mtaa ambao Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni na ya nyumbani pia. Marehemu baba alikuwa mfanya biashara ndogo ndogo wa kuvuka mpaka, naye alipenda kutusimulia jinsi mji ulivyogawanywa zamani za Wabelgiji: Wazungu kando ya ziwa, penye upepo na kivuli, na Waswahili nyuma, katika mtaa wao wa peke yao. Ndivyo ilivyokuwa pia Biryogo mjini Kigali. Ndivyo ilivyokuwa Pumwani mjini Nairobi, ambako Waingereza waliwatengea Waafrika mahali pao pa kukaa katika miaka ya 1920, na huko nako wenyeji wakapaita Majengo.

Basi nilikua na fikira kwamba mtu akija na ramani, amekuja kututenga. Fikira hiyo haikuwa ya kijinga, maana ilitokana na mambo yaliyotokea. Lakini fikira ya jana inaweza kumpoteza mtu leo, kama nitakavyoeleza.

Mume wangu alikwenda Darfur, nchini Sudani, pamoja na askari wenzake wa kulinda amani. Wake wa askari wanaosoma habari hii wanaijua hali hiyo. Mume yuko mbali, posho inaingia benki, na simu inapolia usiku neno lake ni moja: "Mama, tafuta kiwanja. Nikirudi nataka nikute msingi." Mwaka 2013 nikatafuta kiwanja.

Dalali mmoja alinipeleka Rugerero, karibu na mto Sebeya. Viwanja vya mjini vilikuwa ghali kupita uwezo wetu, lakini pale bei ilikuwa karibu nusu. Udongo ulikuwa mweusi, wenye rutuba, na migomba ilikuwa imestawi. Mto ulikuwa ukipita chini pale, mwembamba, wala kelele zake hazikuzidi za mtoto anayecheza na maji kwenye ndoo. Nilimwuliza yule dalali sababu ya bei kuwa ndogo. Akanijibu kwamba mwenyewe ana haraka ya fedha.

Hapa ndipo lilipo kosa langu la kwanza, na naomba kila mama alisome mara mbili. Nchi yetu iliandikisha ardhi yote kati ya mwaka 2009 na 2013, viwanja zaidi ya milioni 10, na kila mwenye ardhi akapewa hati yenye namba yake. Hati ile haisemi jina la mwenye ardhi peke yake. Inasema pia ardhi hiyo imekusudiwa kwa kazi gani: makazi, kilimo, msitu au biashara. Mimi nilitazama jina la muuzaji, nikatazama ukubwa, nikatazama mhuri. Ule mstari wa matumizi sikuusoma. Ulikuwa umeandikwa kilimo.

Nilikuja kuusoma siku ya kuhamisha jina, fedha zikiwa zimekwisha toka mkononi. Dalali akacheka akasema, "Mama, hiyo ni karatasi tu. Mji unakua, rangi zitabadilika." Nikamwamini, kwa kuwa nilipenda kumwamini. Tulijenga kwa mawe meusi ya volkano, yale ambayo huku kwetu hayana uhaba. Vyumba vitatu na sebule. Kibali cha kujenga hatukuwa nacho, na jiko tulilijenga usiku kwa taa ya betri. Kuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutuzuia, lakini alifumba macho. Simtaji, maana na mimi nilifurahi alipoyafumba.

Mume wangu aliporudi alizunguka nyumba yote kwa furaha, kisha akateremka hadi mtoni. Alipopanda alikuwa kimya. Jioni akaniambia kwamba kule Darfur kuna mabonde makavu ambayo watu wa huko huyaita wadi. Miezi mingi hayana tone la maji, mtu anaweza kulala humo kwa raha kabisa. Lakini mvua ikinyesha mbali, hata kama juu ya kichwa chako hakuna wingu, maji huja kwa ghafla yakachukua kila kitu. Kwa sababu hiyo askari hawapigi kambi ndani ya wadi. Nikamwuliza, "Kwani huu ni wadi? Huu ni mto wetu." Akanyamaza. Tulikuwa tumekwisha tumia akiba yote ya safari yake, na mtu akishatumia akiba yote hapendi kusikia habari za wadi.

Tukakaa kwa amani miaka kadhaa. Mwaka 2020 nchi ilipitisha Mpango Mkuu wa Taifa wa Matumizi na Maendeleo ya Ardhi, unaotazama mbele hadi mwaka 2050, na wilaya zikatakiwa kutengeneza mipango yao ifuatane na huo. Rubavu ni mmoja wa miji 6 iliyochaguliwa kukuzwa ili isaidiane na Kigali, pamoja na Musanze, Huye, Muhanga, Rusizi na Nyagatare. Kwa hiyo ramani za kwetu zilizungumzwa sana, katika mabaa, misikitini na makanisani, na foleni ya mpakani.

Katikati ya mwaka 2022, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya kazi za umuganda, tuliitwa kwenye uwanja wa shule. Ramani ilikuwa imetundikwa ukutani. Manjano ilikuwa makazi, kijani ilikuwa kilimo na misitu, na kando ya mto na ziwa palikuwa na ukanda ambao haukuruhusiwa kujengwa. Watu walisukumana kutafuta nyumba zao. Mimi niliitafuta yangu nikaikuta ndani ya kijani, karibu kabisa na ule ukanda.

Majadiliano yalikuwa makali. Mzee mmoja alisema kwamba yeye alizikwa kitovu pale, na ramani imezaliwa juzi. Kijana mmoja fundi wa kujenga aliuliza maskini atajenga wapi ikiwa katikati ya mji wanataka majumba ya ghorofa na pembeni wanataka mashamba. Mwingine akauliza kuhusu ziwa. Alisema kuwa amri ya mwaka 2010 ilitenga mita 50 kutoka ukingo wa ziwa, mita 10 kwa mito mikubwa na mita 5 kwa mito midogo. Je, mita hizo zinapimwa kwa kamba moja kwa mwenye hoteli na kwa mwenye kibanda? Swali lile lilikuwa zuri, na hata leo nasema lilikuwa zuri.

Kisha nikasimama mimi. Nilisema, "Mume wangu amelinda nyumba za watu wengine katika nchi ya mbali. Leo nyumba yake mwenyewe inafutwa kwa kalamu ya rangi? Baba zetu walitengwa na Wabelgiji, na sisi tutengwe na nani? Sitoki." Uwanja mzima ulipiga makofi. Akina mama wengine walipiga vigelegele. Ofisa aliyeleta ramani alijaribu kueleza habari ya mto, lakini hakusikilizwa tena. Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa.

Jirani yangu wa upande wa chini alikuwa bibi mjane. Mwanawe aliyekuwa Musanze alikuwa akimwomba ahamie kwake, naye alikuwa karibu kukubali. Jioni ile alikuja kwangu akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesema vizuri leo. Unaonaje, niende au nikae?" Nikamjibu, "Kaa, mama. Tukiondoka mmoja mmoja watatumaliza. Tukikaa wote hawatatuweza." Akakaa.

Ndugu wasomaji, habari za usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mnazijua. Mvua ilinyesha tangu jioni katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Katika nchi nzima walikufa watu zaidi ya 130, na nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka. Rubavu yetu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Sebeya hutoka katika milima ya Gishwati. Msitu wa Gishwati ulikuwa mkubwa zamani, lakini ulikatwa kwa malisho na mashamba, na baada ya mwaka 1994 watu waliorudi kutoka uhamishoni wakakaa humo kwa kukosa pengine pa kwenda, hata ukabaki kipande kidogo tu. Sheria ya mwaka 2015 ilikifanya kipande hicho kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, lakini miti haikui kwa siku moja. Milima iliyo uchi haishiki maji. Mvua ya Gishwati hushuka kwetu yote kwa pamoja, ikichukua udongo na magogo.

Sisi tuliamshwa na kelele ambayo siwezi kuifananisha na mvua. Mume wangu alifungua mlango, maji yakaingia mpaka magotini. Hakusema neno lolote ila "Toka!" Alimbeba mtoto mdogo mgongoni, mimi nikawashika wawili mikono, tukapanda kilima gizani tukishika migomba. Nilipogeuka nilisikia ukuta wa jiko ukianguka, lile jiko tulilolijenga usiku. Mume wangu aliteremka tena kumwita bibi. Alimwita kwa sauti kubwa mara nyingi. Nyumba yake ilikuwa imekwisha chukuliwa. Bibi mwenyewe alipatikana siku ya pili, mbali na pale.

Mwanawe alikuja kutoka Musanze kumzika. Alinishukuru kwa ujirani mwema, kwa sababu hakujua yale niliyomwambia mama yake. Mimi sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia, na pengine atayasoma hapa.

Baada ya mafuriko nyumba nyingi zilizobaki kando ya mto ziliwekwa alama nyekundu ya kubomolewa. Watu wa kwetu huiita alama hiyo "towa", neno la Kiswahili chetu wenyewe. Nyumba iliyowekwa towa inajulikana itaondoka. Zamani nililiona neno hilo kama tusi. Siku ile nilipoiona towa kwenye ukuta wangu mmoja uliobaki, niliona kwamba ilikuwa imechelewa miaka kumi, na kwamba katika miaka hiyo kumi nilikuwa na nafasi nyingi za kuiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa, nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila ramani ni njema na kila anayeipinga ni mjinga. Yule aliyeuliza habari ya kamba moja kwa wote alikuwa na haki, na bado ana haki. Yule fundi aliyeuliza maskini atajenga wapi alistahili jibu kamili. Kule Kigali, wakazi wa Kangondo na Kibiraro, mahali palipokuwa pakiitwa Bannyahe, walibishana na serikali miaka mingi. Wao walitaka fedha za fidia, na serikali ikataka kuwapa nyumba Busanza. Mambo yalifika mahakamani, na nyumba za mwisho zilibomolewa mwaka 2022. Sheria ya mwaka 2015 ilisema kwamba mtu anayenyang'anywa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, na ilipwe ndani ya siku 120 baada ya kuidhinishwa. Kuidai sheria hiyo si uasi. Ni wajibu wa raia.

Lakini kuna tofauti kati ya kubishana juu ya haki na kubishana juu ya maji. Siku ile ya uwanja wa shule mimi nilichanganya mambo mawili. La kwanza lilikuwa: je, mahali hapa panafaa kwa nyumba? La pili lilikuwa: je, nikiondoka nitakwenda wapi, kwa gharama ya nani, na shamba langu litakuwa umbali gani? Swali la kwanza lilikwisha jibiwa na mto wenyewe, na mume wangu alilijua jibu tangu siku aliyoteremka kuutazama. Swali la pili ndilo nililopaswa kuuliza kwa nguvu zangu zote. Mimi nilipiga kelele juu ya lile la kwanza, na hakuna aliyeuliza la pili. Kwa hiyo ofisa aliondoka bila kubanwa, na sisi tukabaki bila njia.

Mpango unaomwambia mtu "usikae hapa" bila kumwambia "kaa pale" ni nusu ya mpango. Hata hivyo nusu ya pili haiji yenyewe. Huja kwa wananchi kuidai siku ramani inapotundikwa, kabla rangi nyekundu haijaletwa.

Hatari za Rubavu si za mto peke yake. Mwezi Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka upande wa Kongo, ardhi ilitetemeka siku kadhaa hapa kwetu, nyufa zikapita katikati ya mji na kupasua nyumba na barabara. Kabla ya hapo watu waliokaa kwenye mteremko mkali wa Mlima Rubavu walihamishwa kwa hofu ya maporomoko, nao walilalamika kama tulivyolalamika sisi. Mji ulio kati ya volkano, ziwa, mlima na mto hauwezi kujengwa kwa kubahatisha.

Sasa niseme na akina mama wenzangu, hasa wake wa askari na polisi, maana sisi ndio tunaonunua viwanja kwa simu wakati waume wako kazini mbali. Nawapa mambo machache niliyoyanunua kwa bei kubwa.

Kwanza, kabla hujatoa hata faranga moja, omba namba ya kiwanja, uende nayo katika ofisi ya ardhi ya sekta au uitazame kwenye mtandao, uone mpango unasema nini. Hati ikisema kilimo, basi ni shamba. Dalali hana uwezo wa kubadilisha rangi.

Pili, bei ndogo ina sababu yake. Itafute mpaka uione kwa macho. Teremka mtoni wewe mwenyewe, tena wakati wa masika, uwaulize wazee maji yaliwahi kufika wapi.

Tatu, hakikisha hati ina majina yenu wawili. Sheria zetu zinampa mke aliyeolewa kisheria haki yake, lakini haki isiyoandikwa hupata taabu siku ya msiba.

Nne, mnapoitwa kwenye mkutano wa ramani, nendeni, hata kama sufuria iko motoni. Msiende kupigiwa makofi. Nendeni na maswali yaliyoandikwa: kiwanja gani, lini, tutahamia wapi, nani atalipa. Ombeni majibu nayo yaandikwe.

Tano, jirani akikuuliza "niende au nikae", usimjibu kwa hasira yako. Mjibu kama unayejibu kwa roho yake.

Sisi sasa tumepanga nyumba ya vyumba viwili juu ya kilima, na pole pole tunajenga tena katika eneo la makazi lililopimwa, kwa kibali chenye mhuri. Kile kiwanja cha Rugerero bado ni chetu. Hatuna nyumba pale. Tunalima maharage na viazi, kama hati ilivyokuwa ikisema tangu mwanzo.

Mwaka jana tuliitwa tena mkutanoni. Ramani ilitundikwa ukutani kama zamani. Nilisimama nikauliza maswali yangu manne kutoka kwenye daftari la shule la mwanangu. Nikauliza pia la yule mtu wa kamba moja, kwa kuwa lilikuwa halijajibiwa. Ofisa aliyaandika yote, mengine akayajibu pale pale, mengine akaahidi kuyaletea majibu, na nimeweka tarehe ya kumfuata. Safari hii hakuna aliyenipigia makofi. Watu walikuwa wametoa kalamu, wanaandika majibu.